Mwavuli Uliobaki Idodi

Kwenye msiba mimi huangalia mikono. Macho yanaweza kulia yenyewe, hasa moshi wa jikoni ukiyasaidia, lakini mikono haijui kuigiza: utaiona inapapasa kitambaa cha pazia, inageuza sahani ione imeandikwa nini chini, inafungua kabati eti inatafuta vikombe. Mwezi wa tano uliopita, tulipomzika mume wangu Osmundi Ngonyani hapa Mbeya, nilikaa mkekani na wanawake wenzangu nikiangalia mikono ya kila aliyeingia, na kwa sehemu kubwa sikuona jipya. Kisha akaingia mwanamke mzee nisiyemtambua. Hakunipa pole. Alipitiliza hadi chumbani, akatoka amevaa koti la kahawia la Osmundi juu ya kitenge chake, akaanza kutembea uani mikono nyuma, anakohoa kile kikohozi kifupi cha Osmundi, cha mwalimu anayetaka darasa linyamaze, anaagiza chai yenye majani kidogo. Watu walicheka wakiziba midomo. Nilijua anafanya nini, tena nilijua ana haki ya kukifanya, lakini hasira haijui haki. Nilishaanza kuinuka nikamvue lile koti. Ndipo nikauona mwavuli aliokuwa ameuegemeza ukutani. Mweusi, mpini wa mti, na sehemu moja ya kitambaa imeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule niliutia mimi, nilipokuwa bado bibi harusi. Nilikaa tena chini.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliokwenda Iringa kusoma shahada ya pili. Nilikuwa nimetoka kuolewa, Osmundi anafundisha Mbeya, chumba chetu kiko Mwanjelwa nyuma ya maduka ya vitenge. Mimi nikapanga Ipogolo, chini ya mlima, kwenye nyumba iliyokaribiana na barabara kuu kiasi kwamba malori yakipita sufuria zinagongana zenyewe. Chumba cha pili alipanga Deus, mwanafunzi mwenzangu kutoka Bukoba, mpole, msafi, anapiga pasi hadi soksi. Watu wapole namna hiyo hunitia wasiwasi. Tulipika pamoja ili tusimalize mkaa, ugali na dagaa siku nyingi, kande siku za baridi, na kila alipoonja mboga yangu akasema, "Tamu sana, dada Atu," nilijiuliza anataka nini. Ndivyo nilivyo. Hata kikombe nilichokiosha mwenyewe nakichungulia kabla sijakinywea, na uzee haujanibadilisha.

Msimamizi wetu alikuwa Daktari Sanga, mwanamke wa Makete aliyekuwa akivaa sweta hata jua likiwaka, na ofisi yake ilinukia maganda ya machungwa aliyoyaanika dirishani kufukuza mbu. Yeye ndiye aliyenifundisha utafiti, na mpaka leo sijui kama nilimpenda au nilimwogopa. "Swali moja," alisema siku ya kwanza. "Kama halitoshi kwenye sentensi moja, hamna swali, mna hamu tu." Tuliandika, akafuta, tukaandika tena, hadi likabaki hili: kaya za Idodi huyafanya nini maji ya kunywa kabla ya kuyanywa? Kisha akauliza nani wataulizwa. Deus akasema tutauliza tutakaowakuta sokoni. "Hao ni wapenda maongezi," Daktari akamjibu, "na wapenda maongezi si kijiji." Basi tukaandika nyumba kwenye vikaratasi, tukazitia ndani ya kofia ya Deus, tukachomoa bila kuangalia, zilizotoka tukazirudisha kofiani peke yake, tukachomoa tena kugawana, moja yangu, moja ya Deus, ili asiwepo wa kupata upande wa mtoni peke yake au wa barabarani peke yake. Maswali tuliyajaribu kwanza hapo hapo Ipogolo, kwa mama ntilie, mafundi baiskeli na wapangaji waliotoka kila pembe ya nchi, na hakuna aliyejibu ovyo. Daktari aliridhika. Akatukumbusha mambo mawili. La kwanza, mtu ana haki ya kujua nani anamhoji: kitambulisho kiwe kifuani, jina kamili lisomwe kwa sauti, ridhaa iombwe. La pili, tusicheke, tusishangae, tusibishe. "Uso uwe kama sinia. Ukitabasamu kwenye jibu moja tu, umeshamwonyesha unalolitaka. Unaandika alichosema kama alivyokisema." Tulipofika mlangoni akaongeza, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, kwamba atakayepika data atamtoa kwenye masomo, na hatamsikiliza akilia.

Idodi walitupokea vizuri. Ofisa mtendaji wa kijiji alitutafutia vyumba, mkewe akatupikia wali na mlenda, na asubuhi yangu ya kwanza nikaingia kwenye uwanja wa mwanamke mmoja wa makamo aliyekuwa anapepeta mpunga. Nikamwamkia "Kamwene" kwa Kihehe changu cha kuazima, nikasoma jina langu kwa sauti kama tulivyoagizwa: Atupele Ngonyani. Ungo ukasimama. Akanitazama, akakitazama kitambulisho, akanitazama tena. Nilipouliza maji ya kunywa huyafanya nini, alijibu bila kupepesa jicho, "Tunayachapa."

"Mnayachapa?"

"Kwa fimbo. Mpaka wadudu watoke wenyewe kwa aibu. Andika basi, mbona huandiki?"

Niliandika. Nilikuwa nimeagizwa kuandika, na uso wangu ulikuwa sinia lisilo na hata punje ya wali. Nyumba ya pili mzee mmoja aliniambia maji safi ni ya wenyeji, ila akija mgeni kutoka "huko kwenu" humpa ya dimbwini, kwa sababu tumbo lake limeshazoea. Nilimuuliza huko kwetu ni wapi. "Huko huko," alisema, akaendelea kukoroga tope la kukandika ghala lake. Nyumba ya tatu mama mwenye nyumba alinizunguka kama mtu anayenunua mbuzi, akauliza kuni za kuchemshia maji nimezileta au nimeleta karatasi tu, halafu akaniambia nimsaidie kuteka, nikateka. Kadiri nilivyonyamaza ndivyo walivyozidi. Jirani aliita jirani. Nilipita njiani nikasikia vicheko nyuma ya mabua ya mahindi, nikigeuka vinakoma. Machale yalinicheza vibaya: niliona kijiji kizima kimepatana juu yangu, na aliyewapanga hawezi kuwa mwingine isipokuwa Deus, maana yeye alikuwa akirudi jioni na majibu yaliyonyooka, amepewa na machungwa juu.

Siku ya mwisho nilipita tena kwa yule wa ungo, jina lake mama Sekalinga, kukamilisha swali moja nililoliruka. Mvua ilikuwa imekatika, nimekunja mwavuli wa Osmundi mkononi. Alinipokonya taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akauingiza ndani na kufunga mlango. "Huu umefika kwao," alisema. Nilimwambia ni wa mume wangu. "Najua ni wa nani. Mwenye mwavuli aje auchukue mwenyewe." Nikamuuliza anamjulia wapi mume wangu. Akaelekeza midomo kwenye kitambulisho kifuani pangu, akarudi kwenye mpunga wake. Nilikwenda kumshtaki kwa mtendaji. Mtendaji alisikiliza mashtaka yangu yote kwa heshima, akaingia ndani, na kupitia ukuta wa matofali mabichi nikamsikia akicheka hadi akakohoa, na mkewe anamwambia, "Nyamaza wewe, mtoto wa watu atasikia." Mvua ilirudi, nikaondoka Idodi nikiwa nimelowa, na ninaamini kulia pia nililia, ila mvua ilinisitiri.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye korido ya chuo nikisubiri kuitwa, mlango wa Daktari Sanga uko wazi kidogo, naye anaongea na mwalimu mwenzake. Sikukusudia kutega sikio, lakini sikio langu halisubiri ruhusa. "Nyumba zilichanganywa kwenye kofia," alikuwa akisema. "Kwa hiyo si mto, si barabara, si umaskini. Maswali ni yale yale, wiki ni ile ile. Upande mmoja karibu wote wanachemsha maji, upande wa pili wanayachapa kwa fimbo. Kilichobaki tofauti ni mtu aliyeuliza. Mmoja amepika, na mimi najua ni yupi." Sijawahi kusikia hoja safi kama ile ikienda kunichinja. Alipoita jina langu niliingia, nikakaa, nikamwambia sijapika. Alimenya chungwa lake polepole. "Basi niambie kwa nini," alisema. "Nenda kwenu Pasaka, rudi na sababu. Ukikosa sababu usirudi." Deus alipita koridoni akanipa pole. Nilimtazama mikono, ilikuwa mitupu, imetulia. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia.

Osmundi alinipokea Mwanjelwa na ndizi alizozipika mwenyewe na maharage, zimeungua kidogo chini. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda, meza, madaftari ya wanafunzi yamepangwa ukutani, na nje mashine za cherehani za mafundi zinakimbizana. Nilikuwa nimeapa kutomwambia, kwa sababu nilimshuku naye: mwanaume gani anamruhusu mke mpya aende mbali bila kununa? Lakini aliuliza mwavuli uko wapi. Nikaanza na mwavuli, nikarudi nyuma hadi kwenye fimbo, na katikati ya maneno nikaona mabega yake yanatikisika. Aliweka sahani chini. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza, na mimi nimekaa mbele yake, masomo yangu yanazama, namtazama mtu niliyeolewa naye anavyonicheka. Nilimwambia kama na yeye yumo kwenye njama aseme nijue.

"Atu," alisema alipopata pumzi, "umeenda Uhehe, umevaa Ngonyani kifuani, umesoma na kwa sauti?"

"Ndivyo tulivyoagizwa."

"Sasa ulitaka wafanye nini? Mhehe akutane na Mngoni asimtanie, si ataumwa? Babu zao na babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakabakiza maneno. Wewe ni mke wangu, wewe ni mtani wao. Tena ulipowanyamazia! Mtani usipomjibu umemwambia aongeze."

Utani wa makabila nilikuwa naujua, nani asiyeujua. Lakini mimi ni Mnyakyusa, jina la baba yangu linaanza na Mwa kama la kila mtu wa Kyela, na hilo la Ngonyani lilikuwa bado jipya mwilini kama kiatu cha sikukuu. Haikunipitia akilini kwamba limenitangulia kila mlango niliobisha. Ipogolo hatukuliona tatizo kwa sababu tuliowajaribia walitoka kote, na mama ntilie ana haraka na sufuria yake. Osmundi alisema mwavuli ataufuata mwenyewe siku moja, asiwanyime watani raha. Niliporudi kwenye ndizi zangu zilikuwa zimepoa, nikazila zote.

Daktari Sanga hakucheka. "Ni hadithi nzuri," alisema. "Hadithi nzuri nazishuku kuliko mbaya. Utani upo, nakubali. Lakini upo kwenye karatasi zako, au umeutafuta baada ya kukamatwa? Utaupimaje?" Nilikuwa nimeshafikiria njia nzima, kutoka Mbeya hadi Iringa, nikitazama nje bila kuona. Nikamwambia tubadilishane. Deus aende kwenye nyumba zangu, mimi niende kwenye zake, maswali yale yale, kitambulisho kile kile, abadilike muulizaji tu. Kama nimepika, waliomjibu Deus vizuri watanijibu na mimi vizuri. Kama ni utani, watanichapia maji. Alimega chungwa lake, na hiyo ndiyo siku pekee aliyonipa kipande. "Na mimi nakwenda nanyi," alisema.

Nyumba ya kwanza ya Deus ilikuwa ya mzee mstaarabu, mzee wa kanisa, ambaye kwa mujibu wa karatasi za Deus huchemsha maji kila siku na kuyachuja kwa kitambaa cheupe. Nilisoma jina langu. Daktari alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, sweta limefungwa hadi shingoni. Mzee alikunja uso, akamwita mkewe atoke amwone mtu wa watu waliokimbia vita wakasahau hata viatu, akaniuliza nimekuja kuvichukua. Sasa sinia nililiacha Mwanjelwa. Nikamwambia viatu hatuvitaki, kama ni wao waliovivaa tutavichemsha kwanza. Mzee alipiga makofi. Kisha akaketi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa jambo ambalo Deus hakulipata. "Dada, maji hatuchemshi. Kuni ziko mbali, kusogelea hifadhi ni kujitafutia kesi. Yule kijana ni mgeni, mpole, amevaa shati safi. Ungemwambia hivyo ungemtia huzuni."

Hapo ndipo tabia yangu mbaya ilinifaa. Wakati wote tulipokaa Idodi mara ya kwanza nilikuwa nimemchunguza Deus, nikijua kila alipokula na kila aliponyanyuka, na nilikuwa nimeona kwamba alikuwa akikimbilia chooni nyuma ya nyumba ya mtendaji asubuhi, mchana na jioni, amejishika tumbo. Niliona ni dalili ya mtu mwenye siri. Sasa nikamgeukia Daktari nikasema: mtu ambaye nyumba zake zote huchemsha maji, na kila nyumba ilimpa maji ya kunywa, mbona ndiye aliyeharisha? Deus, ambaye alikuwa ametufuata hapo akitoka kwa mama Sekalinga na jibu safi kwamba maji huchemshwa, alijaribu kutabasamu, akashindwa. Daktari akanyanyuka kwenye kigoda akamwomba mke wa mzee maji. Yule mama alichukua kata, akachota mtungini, na tulipomuuliza yametoka wapi alielekeza mtoni. Tulipita nyumba nyingi jioni ile na kesho yake, tukiomba maji badala ya kuuliza maji. Mgeni alikuwa ameambiwa la kumpendeza. Mtani alikuwa ameambiwa la kweli, limevikwa fimbo na vicheko. Yule mama aliyeniuliza kuni ziko wapi alikuwa amejibu swali letu zima kwa sentensi moja, na mimi nikaiandika nikidhani ni tusi.

Nilimaliza masomo. Kwenye sura ya mbinu Daktari alinilazimisha kueleza yote, jina, ndoa, fimbo na tumbo la Deus, na Deus alikubali tumbo lake liandikwe, jambo lililonifanya nianze kumwamini, kidogo. Miaka yote niliyofundisha wengine baadaye nilianza na swali moja: wewe ni nani kwa huyo unayemuuliza? Wengi walidhani ni falsafa. Kuhusu mwavuli, kila masika Osmundi alisema mwaka huu anaufuata, na kila masika alilowa akicheka. Nilimshuku hata katika hilo. Nilidhani ni uvivu, kisha nikadhani kuna mwanamke Idodi, na nilichelewa sana kuelewa kwamba alikuwa anautunza kule kule, kwamba kuuchukua kungekuwa kuufunga mlango wa utani.

Kwa hiyo siku ile ya Mei nilifuata jeneza hadi makaburini nikijua nani yuko mbele yetu ndani ya koti la kahawia. Kumbe jirani yetu Mhehe, fundi redio, ambaye kwao ni Idodi, alikuwa amepeleka habari. Mama Sekalinga, mguu mmoja mbovu, alishikwa mikono na vijana akateremshwa kaburini, akajilaza chali, akasema shimo limeshapata mtu, Mngoni atafute lake. Ndugu wa Osmundi walimbembeleza, akakataa. Mchungaji alifunga kitabu akangoja. Ndipo akaomba apewe mwavuli, akaufungua humo humo ndani ya kaburi, akainua macho kunitazama mimi, si mwingine.

"Nilisema mwenye mwavuli aje mwenyewe," alisema. "Miaka yote hii nauangalia mlango. Hakuja. Basi nimemletea."

Watu walicheka, kisha wakanigeukia, kwa sababu wote walijua anayepaswa kujibu ni nani. Tangu Osmundi afe nilikuwa sijalia. Nilikuwa na kazi ya kutazama mikono ya watu. Sasa niliitazama ya kwake, imekauka, imeshika mpini kwa nguvu kama mtu aliyeshika kitu cha ndugu yake, na kwa mara ya kwanza katika msiba ule sikuona cha kushuku.

"Uliuchapa?" nilimuuliza. "Au umetuletea na wadudu?"

Alicheka kicheko ambacho nilikisikia zamani nyuma ya mabua ya mahindi, akanyoosha mkono nimtoe. Nilipouvuta mkono ule nililia kwa sauti, mbele ya watu wote, na yeye ndani ya koti la mume wangu akanishika asiniachie. Mwavuli tulimwekea Osmundi juu ya jeneza, kisha udongo.